Wananchi Wenye Hasira Kali

Kaka yangu aliuawa wakati wa magharibi, giza likiingia, akirudi nyumbani na injini ya mtumbwi begani. Ilikuwa yake mwenyewe, ametoka kuitengenezesha kwa fundi wa huko Mabatini, mjini. Mtu akadhani ameiba, akapiga yowe. Jiwe la kwanza lilimvunja taya, kwa hiyo hakuweza kusema yeye ni nani. Yakafuata mapanga, magongo na mipini ya majembe. Nilikuja kuutambua mwili kwa vidole vya miguu.

Taarifa ya polisi ilisema aliuawa na "wananchi wenye hasira kali". Nayachukia maneno hayo. Yanaua mtu halafu yananawa mikono.

Mimi ni mwandishi wa habari za uchunguzi hapa Mwanza. Ofisi yetu ilipopata marundo ya hukumu na maelezo ya mashahidi kuhusu mauaji ya namna hii, tuliyaingiza yote kwenye akili mnemba, ukawa unaiuliza kwa Kiswahili cha kawaida nayo inakujibu. Jumapili moja nikaibeba laptop hadi nyumbani, ziwani, nikakaa jikoni kwa mama. Nilikuwa nimeapa kwamba nikimjua aliyemuua kaka, nami nitamvunja taya.

Nikauliza nani alimuua. Ikajibu: wananchi wenye hasira kali. Nusura niitupe motoni. Nikauliza nani alirusha jiwe la kwanza, ikasema hakuna shahidi aliyeona.

Kwetu yowe likipigwa, kila nyumba lazima itoe mtu, tena asiende mikono mitupu. Ukibaki ndani unahesabiwa mshirika wa mwizi. Waliompiga kaka ni kijiji kizima, lakini yowe huanza na mdomo mmoja. Basi nikauliza lilianzia wapi. Ikanitolea maelezo ya mashahidi yaliyofanana: sauti ya mwanamke, nyuma ya nyumba inayopakana na ya marehemu.

Hapo anakaa jirani yetu mjane. Ndiye aliyepika uji msiba wote, na hadi leo humletea mama maziwa. Nikaokota ukuni mnene, nikasimama. Mama akauliza naenda wapi, nikamsomea jibu.

"Kaa chini," akasema. "Ile sauti naijua. Niliisikia nikiwa hapa hapa."

Nikamfokea, kwa nini amenyamaza muda wote huo. Akaitazama kona alikozoea kuegemeza mchi wake. Tangu msiba ule sijauona tena, na sikuwahi kuuliza uko wapi.

"Na mimi nilitoka, mwanangu. Alikuwa kalala kifudifudi, damu na vumbi tupu. Nikampiga na mchi kisogoni. Ndipo nikaona kiraka cha shati, nilichokishona kwa mkono wangu."

Jioni jirani alikuja na maziwa. Ule ukuni nilikuwa nimeshautia motoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikainuka kumpisha kigoda.