Mbele kwa Mkwe, Nyuma Barabarani

Shukor ni mwalimu wa udereva hapa Ipoh. Mchana kutwa hukaa kushoto kwa mwanafunzi, ndani ya kigari chenye kibao cha L kinachotembea kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka, akisema kwa upole, "Breki, dada. Breki. Dada, breki!" Jioni hurudi nyumbani, huvua viatu, kisha huenda kulitazama gari lake.

Gari lenyewe ni la spoti, la Kijapani, milango miwili, la enzi ambazo mimi na yeye tulikuwa bado na nywele. Taa zake za mbele huchomoza kutoka kwenye boneti, ila ya kulia iligoma zamani, kwa hiyo akiwasha, gari linakukonyeza. Mimi ni jirani yake ukuta kwa ukuta, na sijawahi kumwona akimtazama binadamu namna ile, hata Rohayu, mkewe, ambaye ni mwanamke wa kutazamwa.

Kila Idi walikwenda kwa wazazi wa Rohayu, kijijini upande wa Lenggong, na kila Idi gari lilifika juu ya lori la kubebea magari mabovu. Badrul, kaka yake Rohayu, ana gari la familia lenye umbo la friji, halijui gereji. Yeye hutangulia kufika, akasimama langoni na simu kurekodi lori likiingia. Watoto wa ukoo wanazijua video hizo kwa moyo.

Mwaka huu, Ramadhani ilipoanza, Rohayu aliweka sharti. Nilisikia yote; ukuta wetu ni mwembamba na masikio yangu hayana kasoro.

"Sikia, mume wangu. Tukifika kwa mama juu ya lori tena, mimi nashuka na begi langu na sirudi. Wewe utarudi na huyo mke wako wa bati."

"Wa bati, Rohayu?"

"Na kutu."

Ndipo ukaanza msako wa gereji ya kuaminika. Kila mwanamume mjini kwetu ana fundi wake mwaminifu, na kila fundi mwaminifu ni binamu wa mtu. Baada ya tarawehe wanaume walimzunguka Shukor wakimsifia mafundi wao mpaka chai ikapoa. Nikawauliza magari yao yako wapi. Yalikuwa gereji.

Mwishowe alichagua gereji ya Zarif, yenye vioo, kiyoyozi na rafu nzima ya vikombe vya mashindano ambayo hakuna aliyeyaona. Nilimsindikiza.

"Karibu, bosi! Bosi ana gari! Bosi ana jicho!"

Fundi akikuita bosi mara moja, ni heshima. Akikuita mara tatu kabla hajafungua boneti, shika mfuko. Nilimvuta Shukor shati, lakini keshaanza kutabasamu.

Huku kwetu tunaletewa kwa meli nusu za magari kutoka Japani, zimekatwa katikati, mbele nzima na injini yake. Mtu mwenye akili huchomoa injini, akahamishia kwenye gari lake. Zarif alikuwa na akili zaidi.

"Ya nini kuhamisha injini, bosi? Tunahamisha mbele nzima! Nguvu mara mbili. Hata hiyo taa inapona."

Aliposikia taa inapona, Shukor hakusikia kingine. Gari lilirudi na taa mbili zinazochomoza pamoja, bawa kubwa nyuma, na ekzosti iliyonguruma mpaka bibi wa nyumba ya tatu akafuturu kabla ya wakati, akidhani ni mzinga wa magharibi. Shukor alizunguka mtaa mzima akiwasha na kuzima taa mchana kweupe. Nilimcheka, lakini nilimfurahia pia.

Haikuchukua muda mlango wa kushoto ukakataa kufungika. Zarif akasema hilo ni kosa la fundi wa zamani. Fundi wa zamani akasema ni kosa la Zarif. Wa tatu alisonya tu na kuuliza, "Nani kakufanyia hivi?" kama daktari aliyeitwa msibani. Idi ilikuwa inabisha hodi.

"Twende kwa Kok Seng," nikamwambia.

"Yule anayetukana watu?"

"Alinitukana mara moja, sijahitaji kurudi tena."

Tulipoingia, mzee Kok Seng alificha kikombe chake cha kahawa nyuma ya tairi, kwa kuheshimu saumu yetu, na adabu zake zikaishia hapo.

"Hilo bawa la nini?"

"Linasaidia upepo, tajiri."

"Unaendesha gari au unafuga kuku?"

Akalipandisha jeki, akazamia chini, akatoka. Akang'oa zulia la ndani bila kuomba ruhusa, akatuita. Sakafu ilikuwa na mshono kutoka mlango mpaka mlango, umefunikwa kwa rangi. Kok Seng alichukua bisibisi, akasukuma kwa kidole kimoja. Ikapenya, ikatokea upande wa pili.

"Mbele ni gari moja, nyuma gari jingine," alisema. "Hawa hawakuoana, wamegandishwa. Kanyaga mafuta uone: mbele itafika kwa mkweo, nyuma itabaki barabarani. Mkeo anakaa wapi?"

Shukor alionyesha kiti cha kushoto. Mshono ulipita chini yake. Hakuna aliyecheka, hata mimi ambaye hucheka kwenye mazishi. Niliogopa kweli.

"Chukua teksi," Kok Seng alisema.

"Tajiri, nakuomba. Nikifika bila gari nimekwisha."

Kok Seng alimtukana ukoo mzima, kisha akamfungia vyuma chini, kila upande, na kulijaribu mwenyewe barabarani. Bawa akaling'oa, akabaki nalo la kuanikia matambara. "Baada ya Idi gari nalikata, naanza upya. Kwa sasa arobaini kwa saa. Ukizidi, nitajua."

"Utajuaje?"

"Nitasoma gazetini."

Yaliyofuata alinisimulia Rohayu. Walishika barabara ya zamani, taratibu, mpaka baiskeli zikaona haya kuwapita. Halafu likaja friji la Badrul nyuma yao, honi juu, watoto dirishani wanapunga mikono. Likawapita. Damu ya Rohayu ikachemka. Ndugu ni ndugu, lakini kejeli ina mpaka.

"Mpite huyo mjinga!"

"Hapana."

"Umeweka injini ya nini? Mpite!"

Shukor alisogea pembeni, akasimama, akazima injini. Akamweleza yote: nusu mbili, mshono, bisibisi. Akamwambia mshono unapita wapi.

Rohayu alitazama chini, kati ya viatu vyake vya sikukuu. "Tangu lini unajua?"

"Tangu Jumatano."

"Na ukaninyamazia."

"Niliogopa utabaki kwa mama."

Shukor akashuka, akafungua buti, akatoa kile kibao cha L cha kazini, akakifunga nyuma ili watu wasimpigie honi. Aliporudi kitini, Rohayu alikaza mkanda wake. Kisha akasema, "Endesha."

Walifika watu wamekwisha kula, nyama ya rendang imepoa na mchuzi umeganda. Badrul alikuwa angali langoni, simu mkononi imeishiwa chaji kwa kulisubiri lori. Gari likaingia kwa magurudumu yake lenyewe, polepole, taa mbili zimechomoza. Baba mkwe aliinuka barazani, akalizunguka, akasimama mbele ya kibao.

"Nani mwanafunzi?"

"Mimi, Baba," Shukor alisema, akainama kumbusu mkono.

Rohayu alishuka mikono mitupu. Mama yake, aliyekuwa na habari za lile sharti, akachungulia ndani ya gari.

"Begi lako nikuletee chumbani?"

"Liache humohumo, Mama. Tunarudi nalo Jumatatu. Ila tutaondoka alfajiri, tufike kabla ya Idi nyingine."