Jirani Aliyeketi na Nyanya

Juzi sokoni Kitengela nilinusa kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, nikakumbuka chumba cha nyanya yangu.

Babu alipokufa na ng'ombe kuuzwa, nyanya alilala akitazama ukuta, hasemi wala hataki kula. Mimi, mtoto bado, nilimwogopa. Jirani yake, mama mzee, alikuja kila asubuhi akaketi kando ya kitanda, akitunga shanga bila kumwuliza chochote. Siku moja nyanya aligeuka.

“Hiyo nyekundu umeiweka vibaya.”

“Basi nionyeshe, dada yangu.”

Nyanya akainuka, wakatunga pamoja hadi saa sita.

Kisha watoto wa jirani wakauza shamba, wakamhamishia mama yao Rongai. Nyanya akarudi kitandani.

“Koko, nyanya yangu, nitakaa na wewe,” nikamwambia.

Akanipapasa kichwa. “Nenda ucheze, mtoto wangu.”

Nikaenda.