Jina la Kanyiva

Kavata alikuwa na wavulana watano, vyumba viwili huko Dandora, na cherehani ya kushonea sare za shule. Mwaka 1982 aliona watoto wametosha. Muuguzi wa kliniki ya baraza la jiji alimwambia kwamba kufunga kizazi ni bure, ila mumewe lazima aje akubali.

Mativo, dereva wa lori, hakukataa. Aliuliza tu, "Na mama je? Hajapata wajina." Kwao Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na Kanyiva, mama yake Mativo, alikuwa bado anangoja.

Kanyiva alipokuja kuwatembelea kutoka Kitui, wajukuu walimpokonya kapu mlangoni, ndengu zikamwagika sakafu nzima. Jioni Kavata alijikaza, akamweleza yote, Mativo akiangalia viatu vyake.

"Unataka kupumzika?" mkwewe akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi pumzika. Mimi nilizaa tisa kwa sababu hakuna aliyeniuliza." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, haraka ya jina langu ni ya nini? Bado nalitumia mwenyewe!"

Kavata alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya kliniki, Mativo alikuwa mwanamume pekee kwenye benchi.

"Baba, hata wewe umekuja kupimwa mimba?" mama mmoja akamtania.

"Nimemleta mama watoto," akajibu, akasogea ili yule mama naye akae. Ndani, Kavata alikuwa amekwisha kuvua viatu.