Njia ya Kuikwepa Dallas

Ardith Sorlie hakuwa na adui duniani ila foleni. Kila Oktoba, baridi ya Minnesota ilipoanza kung'ata vidole, alitandaza ramani kwenye meza ya jikoni ndani ya gari-nyumba lao, akashika kalamu nyekundu, akaanza kupanga namna ya kufika kusini kabisa mwa Texas bila kukwama nyuma ya lori hata moja. Mumewe Verlyn aliendesha, yeye alipanga. Gari lenyewe lilikuwa refu kama basi, na nyuma yake limefungiwa kagari kadogo ka kuendea dukani.

Sheria zake zilijulikana kwa wazee wote wanaoikimbia theluji. Mji mkubwa unapitwa Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado kitandani au kanisani. Kwa siku ni maili mia tatu, zisizidi, na saa tisa alasiri uwe umeshaegesha, kabla maofisi hayajawamwaga watu barabarani. Barabara kuu ya namba thelathini na tano hakutaka hata kuisikia. Alishuka na ile ya mia mbili themanini na moja, njia ya watu wachache, mashamba ya mahindi kushoto na kulia, vijiji vyenye taa moja ya barabarani na mgahawa mmoja wa mayai. Wenzake kwenye kambi za magari-nyumba waliokuwa na safari walimletea ramani zao awachoree, naye aliwachorea huku akiwasema.

"Simu inazijua barabara," aliwaambia. "Watu haiwajui."

Lakini kila mwaka njia hiyo ya raha ilimfikisha Mineral Wells, na hapo raha ilikwisha. Maili themanini mashariki ya hapo ni Dallas, na Dallas ndiko aliko Curtis, mtoto wake wa pekee. Miaka tisa walikuwa wakipiga kambi Mineral Wells wiki moja, kisha wakanyoosha kusini. Curtis alikuwa na binti wa miaka saba, Hattie, ambaye Ardith alimjua kwa picha na sauti ya simu tu. Alitamani kumkumbatia mtoto yule hadi kifua kikamuuma. Akiona mtoto dukani anachagua peremende, alisimama akamtazama mpaka mama wa mtoto aingiwe na wasiwasi.

Ukimuuliza Verlyn, kosa ni la foleni. Gari kubwa hivi, Dallas? Unataka tufe?

Mwaka huu jirani yao kwenye kambi ya Mineral Wells alikuwa Arlys, mjane kutoka Nebraska, mwanamke ambaye mdomo wake hauna mlango.

"Ardith, shoga, nikuulize kitu, usininunie."

"Hata nikikataa utauliza."

"Mwanao yuko hapo tu. Kagari kenu kana mafuta. Foleni gani hiyo isiyoisha miaka tisa?"

Ardith alicheka, akammiminia kahawa nyingine. Arlys alipoondoka, alilia kidogo, akanawa uso, akachukua kalamu. Akaipanga Dallas. Kuondoka Jumapili alfajiri, kuingia saa moja asubuhi, uwanja wa kanisa wa kuegesha, kituo cha mafuta chenye nafasi ya kugeuza gari lao. Siku ya Jumatano akamwekea mumewe ramani hiyo mbele yake.

Verlyn aliitafuta kasoro kwa miwani na bila miwani. Madaraja yanayoweza kugonga paa? Ameyakwepa. Matengenezo ya barabara? Jumapili hawafanyi kazi. Mzee akaguna. Ardith akampigia mwanawe simu papo hapo.

Curtis alisema Jumapili hatakuwepo. Jumamosi alfajiri anapanda ndege kwenda kwenye visima vya mafuta baharini, wiki tatu. Labda Ijumaa, akitoka kazini saa kumi na moja jioni. "Hattie ndiye anayetaka kuiona hiyo nyumba inayotembea," akaongeza, kana kwamba yeye hayumo.

Ardith alipokata simu na kueleza, Verlyn alipiga meza. "Ijumaa saa kumi na moja! Unaona sasa? Si mimi, ni foleni."

"Verlyn, unafurahi."

"Nani anafurahi?"

"Wewe! Umepata foleni ya kweli, umepumua. Haya, leo nikwambie. Funguo za kagari ninazo miaka yote. Ningekwenda nikarudi kabla ya chakula cha mchana. Sikwenda kwa sababu Curtis akifungua mlango ataangalia nyuma yangu. Ataniuliza baba yuko wapi. Nimjibu nini? Yuko Mineral Wells, anaogopa malori?"

Mzee alikaa. Miaka tisa nyuma aliuza ng'ombe wote wa maziwa ndani ya wiki moja, bila kumwambia Curtis aliyekuwa akijiandaa kurithi zizi. Wakagombana uani, maneno yakazidi kimo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyu bwana, badala ya kuziba, alikuwa akiuzunguka ufa wake kwa maili mia tatu kwa siku.

"Nilimwambia sina mtoto," Verlyn alisema. "Mtu uliyemwambia hivyo, unamgongea mlango useme nini?"

"Sijui. Lakini mimi nimechoka kukuchorea pa kujificha."

Siku mbili hawakusemeshana ila mambo ya chumvi na sukari. Ijumaa mchana Verlyn alileta ramani mwenyewe, akaiweka mbele ya mkewe.

"Chora."

"Saa hiyo hakuna njia ya pembeni, mzee. Zote zimejaa."

"Basi chora ya katikati."

"Tuchukue kagari, ni rahisi."

"Mtoto kasema anataka kuiona nyumba. Tunakwenda na nyumba."

Saa kumi na nusu walikuwa Fort Worth, na hapo dunia ikasimama. Magari mbele, magari nyuma, magari mbavuni. Saa nzima walisogea maili nne. Kijana mmoja kwenye pikapu aliwapigia honi na kuwatolea maneno machafu, Verlyn akamwangalia tu, jasho likimtiririka mashavuni. Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja ikagonga, na Dallas bado. Ardith aliwaza mtoto anakula sasa, mtoto anavaa nguo za kulalia sasa, na kila walipofunga breki alihisi mtu anamnyang'anya kitu mkononi.

Simu ikalia. "Mama, mmeghairi?" Sauti ya Curtis ilikuwa ya mtu aliyekwishajiandaa kuambiwa ndiyo.

Kabla hajajibu, Verlyn alinyoosha mkono. Gari lilikuwa limesimama kabisa. Akaiweka simu sikioni.

"Curtis. Tuko kwenye foleni."

"Wewe, baba? Kwenye foleni?"

"Mbaya kuliko nilivyodhani."

"Mmefika wapi?"

Verlyn akasoma kibao.

"Hapo kulia kwenu kuna njia ya kutokea," Curtis alisema taratibu. "Huwa iko wazi saa hizi. Mkitaka mnaweza kugeuza, mkarudi."

Kweli, ilikuwa wazi, haina hata gari moja. Ardith aliiona, akamwona na mumewe akiiona. Akafumba macho.

"Hatugeuzi, mwanangu," Verlyn alisema. "Usimlaze mtoto."