Asubuhi za Plau na Kaka Masatu

Enzi zetu, sisi watoto wa vijiji vya Bunda, siku ilianzia shambani. Najua nina miaka ishirini na tisa tu na wazee watacheka wakinisikia nikisema "enzi zetu", ila waliokua nami wananielewa. Mvua za kwanza zikishanyesha, Baba aligonga ukuta mara mbili, hakuongeza ya tatu. Mimi na kaka yangu Masatu tulitoka na tongotongo machoni. Yeye alishika plau nyuma, mimi nikatangulia mbele ya maksai wawili na kamba mkononi. Umande ulitulowesha hadi magotini, udongo uliopinduliwa ukanukia, na pumzi ya moto ya ng'ombe ikanipiga shingoni.

"Usisubiri ufike mwisho ndiyo ugeuke," Baba alikuwa akisema. "Ng'ombe anaambiwaga mapema."

Tukimaliza kipande chetu tulikula matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo bibi alitutumia kutoka Butiama. Vilikuwa vigumu hadi taya zinauma, tukavishushia na maziwa mgando. Kisha mbio hadi shuleni kuwahi mchakamchaka, na mapumziko tukacheza rede, kukwepa mpira, mpaka sketi zinachanika. Leo watoto wa kaka yangu simu ikiishiwa chaji wanalala kitandani, wanasema wamechoka.

Mwaka niliofaulu kwenda sekondari ya bweni Musoma, Baba alianguka kutoka kwenye paa akirudishia mabati, akaumia mgongo. Masatu alikuwa kidato cha pili. Mashamba ya pamba yalikuwa hayajalimwa, na Mama alikuwa na mgonjwa wa kugeuza kitandani. Hakuna aliyeitisha kikao. Asubuhi moja nilimkuta Masatu akifunga nira akiwa na kaptula ya shamba, wakati saa ya shule imeshafika. Nikamuuliza kama haendi.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi hawa ng'ombe wananijua."

Hakuonekana kuwa na huzuni, nami nikaamini kwamba amependa mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilitaka sana kuamini hivyo.

Basi nikasoma. Musoma, upepo wa ziwa ukituletea harufu ya dagaa hadi darasani, ndiko nilikoipenda fizikia. Nikaenda chuo kikuu, halafu Ujerumani, ambako sasa nina mwaka wa pili kazini. Tuko wahandisi watano, tunafundisha roboti ya magurudumu sita kutembea mchangani ili siku moja ipelekwe mwezini. Kwa sababu ya umbali, amri yetu itachelewa kuifikia, kwa hiyo lazima iambiwe kabla haijafika penye jiwe. Somo hilo halikunisumbua, na wenzangu nikiwasimulia sababu wanacheka kwa upendo. Jioni narudi kwenye chumba changu ghorofa ya nne. Jumamosi nasonga ugali na kukaanga samaki wa kwenye friji, asiye na harufu yoyote ya ziwa. Jirani yangu simjui jina.

Mwaka jana nilirudi nyumbani likizo. Baba siku hizi anatembea kwa fimbo, maksai waliuzwa, na trekta la kukodi linamaliza shamba zima kabla ya chai. Nilimwonyesha Masatu video ya roboti yetu ikihangaika mchangani. Aliitazama hadi mwisho, akauliza anayeiongoza anatembea mbele au nyuma. Nikamweleza kwamba hakuna mtu karibu nayo, mwongozaji anakaa chumbani, mbali kabisa.

"Upweke huo," alisema.

Ndipo nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: kama kuacha shule kulimuuma. Nilitegemea aniambie niache mambo ya zamani.

"Mwaka mzima niliichukia nyumba hii," alisema. "Ukirudi likizo na ile sketi yako ya shule, nilikuwa naendaga kuchunga mbali, ili nisikuone."

Nilizikumbuka likizo zile. Nilidhani kazi zilikuwa nyingi. Nilimwomba anisamehe, akasema hana cha kunisamehe, sikumnyang'anya kitu. Lakini alifuta uso kwa mkono, nami nikafuta wangu, tukakaa vile mpaka mkewe alipotuita kula.

Siku hizi tunapigiana simu ya video kila Jumapili. Ananieleza binti yake anavyosumbuka na hesabu, nami namsaidia huku picha ikigandaganda. Tunaongea zaidi kuliko tulivyowahi kuongea, na simu ikikatika chumba kinakuwa kimya sana. Zamani tulikuwa pamoja kila alfajiri, ningeweza kumsikia hata akipumua, na sikuwahi kumuuliza chochote.