Neno Moja la Kwenda Dubai

Miaka ile ya vita, nchi ilipokatwa vipande na Kinshasa ikawa mbali kuliko Dubai, wafanyabiashara wa Butembo waligundua kwamba Kifaransa chao hakiwafikishi popote. Ndege zilikuwa ng'ambo ya mpaka, ng'ambo ya mpaka walisema Kiingereza, na huko Dubai hivyo hivyo. Mimi nilikuwa kijana mwenye suruali mbili na kamusi moja nene ya Kiingereza, niliyoachiwa na mmisionari aliyekuwa anafunga virago. Kwa hiyo nikawa mwalimu.

Darasa letu lilikuwa chumba cha shule ya Jumapili nyuma ya kanisa, mtaani kwetu Kimemi. Wanafunzi wangu walikuwa wazee wenye maduka ya bati, vitenge na vipuri vya pikipiki, wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani. Nilijivuna sana, sitaficha. Watu ambao mitaani hawakuitikia salamu yangu sasa walinyoosha mkono kuniomba ruhusa ya kwenda msalani.

Mmoja wao, muuza vipuri, ndiye aliyeninyima raha, kwa sababu binti yake ndiye niliyemtaka. Kimemi nzima ilijua. Baba naye alijua, na siku moja baada ya somo akanivuta pembeni.

"Mwalimu, mwezi yenye inakuya minaenda Dubai. Nikirudia na mali yangu yote, lete baba na mama yako, tutaongea. Lakini nikipotea kule juu ya Kingereza yako, usipite hata ku mulango yangu."

Kesho yake nilikwenda dukani kwao kwa kisingizio cha kununua bolti. Binti alinipimia bolti bila kuniangalia.

"Umufundishe muzuri," alisema. "Papa akipotea, na miye nimepotea."

Basi nikaapa kumfundisha Kiingereza cha kumfikisha hata mbele ya mfalme. Na wiki ile ile nikafanya kosa. Nilifundisha neno get.

Kamusi ilikuwa imelitengea neno hilo kurasa mbili na nusu. Nikajaza ubao: kupata, kupokea, kuleta, kufika, kuelewa, kupanda gari, kushuka, kuamka, kupona, kuzeeka, kuoa. Nilitaka kuwatisha kidogo. Halafu upande wa pili, kwa chaki ya rangi, nikaandika maneno ya kiungwana yanayoweza kushika nafasi yake: obtain, receive, acquire, arrive, become, understand. Nikarudi nyuma hatua mbili nikasubiri washangae.

Walishangaa kweli, ila si nilivyotaka.

"Mwalimu," akasema muuza vipuri, "hii neno moja ndio inafanya ile kazi yote?"

"Ndiyo, papa."

"Na hii ingine ya rangi, kila moja inafanya kazi moja tu?"

"Karibu hivyo. Lakini ni mazuri zaidi."

Akawageukia wenzake. Walishauriana kwa Kinande, lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini, jinsi wanavyofanya wakisimama mbele ya mzigo ambao wameshaamua kuununua. Kisha akatoa uamuzi.

"Donc tunabeba hii moja. Ile ya rangi ni mali ya kulala ku depo."

Nilikasirika. Niliwaambia lugha si sabuni. Mzee mwingine akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimewahi kuona duka Butembo linaloleta aina sita za vitu kwa kazi sita ilhali kuna kimoja kinachofanya zote. Tangu siku ile kila neno jipya nililoleta lilipimwa kwanza. "Inapita get?" waliuliza, na kama halipiti, kalamu zilibaki mezani. Nilikuwa nimefungua kontena mbele ya wauzaji wa jumla, halafu nikategemea wanunue rejareja.

Wiki mbili baadaye baba wa binti alisema Kiingereza cha neno moja na mikono miwili. Get Dubai, akionyesha mbinguni, maana yake atasafiri. Get get, akigusa tumbo, njaa. Akikunja uso na kusema no get, alikuwa amekataa bei. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilimwelewa kila mara.

Siku ya safari ilipofika niliomba nimsindikize hadi mpakani, nikitumaini kwamba barabara itanisaidia kumtia angalau maneno kumi. Tulipanda lori la rafiki yake, msafirishaji Mwislamu wa Beni, ambaye aliendesha mwenyewe. Mimi nilikaa katikati na kamusi mapajani. Kuanzia Butembo hadi Beni nilimfundisha muuza vipuri kuomba apokee mizigo yake kwa sentensi kamili yenye adabu, naye alijibu, "Get bag." Dereva alicheka hadi akaingiza gurudumu moja mtaroni.

Tulipoiacha Beni tukakuta kizuizi. Wanajeshi wake walikuwa wa kutoka ng'ambo ya mpaka, na afisa wao alituomba karatasi kwa Kiingereza. Nikaona Mungu amenipa nafasi ya kumwonyesha mzee tofauti kati ya get yake na maneno yangu ya rangi. Nilitoa kichwa dirishani, nikamshukuru afisa kabla hajafanya lolote, nikamwomba kwa unyenyekevu atujalie ruhusa ya kuendelea, na katika sentensi ile moja nikaweka obtain, receive na acquire.

Afisa alinitazama viatu. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Wewe, shuka."

Raia wa hapa, alisema, hasemi hivyo. Nani amenituma? Akaichukua kamusi, akaanza kufunua. Humo nilikuwa nimetia alama kwa kalamu nyekundu maneno yote niliyokusudia kuwafundisha wafanyabiashara: daraja, petroli, lori, barabara, ghala. Akaniuliza nilikuwa na haja gani na daraja. Nikaeleza, na kwa kuwa niliogopa, nikaeleza kwa Kiingereza kizuri zaidi. Kadiri kilivyokuwa kizuri ndivyo alivyozidi kuamini kwamba mimi ni jasusi. Dakika chache baadaye nilikuwa nimekaa chini kando ya kibanda chao, mikono kichwani.

Hapo sikuona tena cha kucheka. Kulikuwa na vijana wa mtaa wetu walioshushwa kwenye magari namna hiyo, na mama zao walikuwa bado wanawasubiri. Niliogopa mpaka nikasahau lugha zote.

Karatasi za mzee zilikuwa sawa. Afisa alimpa ishara aende, na ndege yake ilikuwa ya kesho asubuhi. Badala ya kwenda, alishuka, akavaa kofia yake vizuri, akaja kusimama kati yangu na afisa.

"No get," alisema. Akanionyesha kwa kidole. "Get him," yaani haendi bila kunipata mimi.

Askari mmoja aligeuka kuficha kicheko. Afisa hakucheka. Akauliza kwa Kiswahili, "Huyu ni nani yako?"

Mzee angeweza kusema mimi ni mwalimu wake tu, nami ningebaki pale na kamusi yangu, yeye akapanda ndege. Lile neno lingine, kwetu baba wa msichana halitamki kabla mbuzi wa mahari hawajafungwa uani kwake na wazee wa pande zote mbili kukaa. Akishalitamka mbele ya watu, halirudishi. Alilitazama lori, akamtazama dereva, shahidi wake mmoja, kisha akavua kofia.

"Ni mukwe yangu," alisema. "Bwana ya mutoto yangu. Kama eko anabaki hapa, na miye nabaki naye."

Afisa alitutazama kwa zamu, akanirudishia kamusi. Nilipanda lori nikalia mbele ya baba mkwe wangu, jambo ambalo kwetu ni aibu kubwa, naye akageuza uso dirishani mpaka nikamaliza.