Mkono Uliotetemeka kwenye Marudio

Mwaka mzima niliamini, kama ninavyoamini kwamba ugali hushibisha, kuwa video ikipunguzwa mwendo, mkono wa mtu aliyekula hongo hutetemeka. Kwa mwendo wa kawaida huoni kitu. Ipunguze, na mkono uliopokea chai unaanza kucheza wenyewe kama kuku aliyechinjwa. Habari hiyo nilipewa na mwenzangu wa dawati katika masomo ya jioni, bawabu wa duka moja kubwa, aliyeshinda akitazama vioo vya kamera. Alisema wakubwa wake wanawatambua wezi hivyo.

"Uso unaweza kudanganya, buda," aliniambia, "lakini mkono uliokula haujui kunyamaza."

Mimi niliufanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na ndevu za kujaza mto, na bado nilimwamini. Si kuamini tu, nikawafunza na wengine.

Cheti cha jioni kilinipeleka chuoni. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale kituo cha Kawangware 56, na mwalimu akitaka kusema jambo la maana ilibidi angoje mashine ya kukata mabati ipumzike. Lakini tulikuwa na timu. Vyuo vidogo kama chetu, vya Kawangware na vya Kibera, vilikuwa na ligi yao, na ligi hiyo ilikuwa na ugomvi kuliko bunge. Mechi ilichezwa dakika tisini na kubishaniwa siku tisa. Ndipo kamati ikaamua kuleta marudio ya video, kama tulivyoona kwenye televisheni, ila bila televisheni.

Sheria ilikuwa fupi. Kila nahodha alikuwa na ombi moja kwa mechi. Angechora pembe nne hewani kwa vidole, alama tuliyoiita dirisha, na refa angekuja kwa mwenye simu kutazama. Picha ikionyesha kosa waziwazi, uamuzi unabadilishwa. Isipoonyesha, uamuzi wa uwanjani unabaki. Mwenye simu nilikuwa mimi. Kamati ilinichagua kwa sababu simu yangu ilikuwa na kioo kipana kama mlango wa kabati, na kwa sababu nilikuwa nimewaambia kwamba nimesomea mambo hayo. Sikuwa nimesomea chochote. Nilikuwa nimekaa karibu na bawabu.

Mtu mmoja hakuyapenda marudio, na wala hakusema. Ni mshika kibendera wetu, fundi seremala wa mtaa wa Gatina, mzaliwa wa magharibi, aliyeongea kana kwamba maneno yanauzwa kwa kilo. Sote tulimwita Fundi. Kila mechi alikuja uwanjani kwa miguu akibeba gunia la unga wa mbao, akachora mistari kwa mkono wake, halafu akashika kibendera alichokitengeneza mwenyewe: kijiti alichokipiga randa hadi kikateleza kama sabuni, na kipande cha leso nyekundu ya mke wake. Timu zilipotukanana hazikumtukana Fundi. Kanisani kwao funguo za mlango zilikaa kwake miaka mingi, maana watu walisema Fundi hajui njia ya kona.

Nusu fainali tulicheza na chuo cha Soweto West, kwao Kibera. Nilipanda juu ya meza waliyotuazima, nikashika mpini wa ufagio ambao juu yake nilikuwa nimeifunga simu kwa mpira wa tyubu. Chini yangu ilisimama dunia nzima. Haya, tuseme watu mia tatu, na kila mmoja alikuwa ameegemea meza yangu.

Zikiwa zimebaki dakika chache, bila kwa bila, mshambuliaji wetu alipokea pasi akafunga. Upande wa Kawangware ukalipuka. Fundi alikuwa amesimama na kibendera juu. Mfungaji ameotea.

"Ofusaidi wapi?" nahodha wetu alifoka. "Huyu mzee amenunuliwa! Dirisha! Dirisha!" Akachora dirisha kubwa, la kupitisha ng'ombe.

Refa alikuja mbio. Alikuwa mwanamke wa Kibera, mwalimu wa kuchomelea vyuma, na macho yake yalikuwa yamezoea kutazama moto. Nilishuka, nikamwonyesha video. Aliitazama mara tatu. Pasi inapigwa, vumbi linapanda, miguu minne inakuwa mguu mmoja.

"Sioni kitu," akasema. "Hii ni vumbi tu. Kibendera kinabaki."

Mwenyekiti wa kamati, mtu wetu wa Kawangware, alikuwa amesukuma kichwa chake katikati yetu. "Sasa tumeleta marudio ya nini, madam? Ya kutuonyesha vumbi? Vumbi tunalo nyumbani."

Hapo ningenyamaza. Refa alikuwa amesema sheria ilivyo. Lakini nilikuwa na elimu, na elimu inawasha kama upele.

"Tazameni mkono wa Fundi," nikasema.

Nikaipunguza video hadi mwisho wa kupunguzwa. Nikaivuta picha kwa vidole viwili mpaka mkono wa Fundi peke yake, na kijiti chake, ukajaza kioo. Mkono ukatetemeka. Si kidogo. Ulikuwa unacheza juu na chini kama wa mtu aliyeshika waya wa umeme. Nikawaeleza maana yake, kwa sauti ya mwalimu, mbele ya watu wote.

"Woiye!" mtu akapiga kelele nyuma yangu. "Mkono wa chai!"

"Manze, unaona? Unacheza wenyewe!"

Refa alisema, "Mkono hauko kwenye sheria." Alisema mara mbili, nakumbuka. Lakini watu walikuwa wameanza kuimba, mkono wa chai, mkono wa chai, na hata wale wa Soweto West walitazamana, kila mmoja akijiuliza ni nani kwao aliyempa mzee kitu. Mwenyekiti akatangaza kwamba kamati imemwondoa mshika kibendera. Bao likakubaliwa. Tukaenda fainali.

Fundi aliletewa habari pale pale pembeni. Hakubishana na mwenyekiti. Alinijia mimi.

"Kijana," akasema, "mimi niliinua kwa nilichokiona. Wewe umeona nini?"

"Simu ndiyo imeona, Fundi. Si mimi."

Aliitazama simu, kisha akaondoka na kibendera chake kwapani. Gunia la unga wa mbao aliliacha. Siku hiyo nilibebwa mabegani kutoka uwanjani, mimi na kilo zangu zote, na wimbo ulikuwa ni ule ule. Niliucheka. Nitakuwa mwongo nikisema sikuucheka.

Wiki haikuisha kabla ya kicheko kuanza kunikwama. Gatina ni mahali padogo kwa jambo kama hilo. Waendesha boda boda walipomwona Fundi walinyanyua mikono na kuitetemesha. Mama mmoja aliyekuwa amemwagiza mlango alikwenda kwa fundi mwingine, na alipoulizwa akasema, "Sitaki mlango wa kutetemeka." Halafu nikasikia kwamba wazee wa kanisa walimwita wakamwomba funguo, kwa muda tu, mpaka maneno yatulie. Alizitoa bila neno. Nilijiambia kwamba mtu safi angepiga kelele. Nilijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nilihitaji kujiambia tena.

Ijumaa mchana, kesho yake ikiwa fainali, mwenyekiti alinituma nyumbani kwa Fundi nikachukue kibendera. "Ni mali ya ligi," akasema. Nilijua kijiti ni chake na leso ni ya mkewe. Nilikwenda.

Mlango ulikuwa wazi. Mke wake alikuwa akikanda unga wa chapati juu ya stuli, mikono imejaa mafuta. Nyuma yake pazia liligawanya chumba, na chini ya pazia niliona miguu ya Fundi, yuko kitandani saa nane ya mchana, na viatu vyake vya kazi vimekaa sakafuni.

"Niaje, mathe," nikasema, nikijitia uchangamfu.

"Ni wewe mwenye simu?"

"Ni mimi. Nimetumwa kibendera."

"Kibendera kiko huko nyuma ya mlango. Chukua." Hakuacha kukanda. "Lakini kwanza nionyeshe huo mkono. Gatina yote wameuona. Mimi niliyeunawisha huo mkono miaka thelathini ndiye sijauona."

Nilitaka kusema betri ya simu haina moto. Ilikuwa nao, tena mwingi. Nikaifungua video, nikaivuta hadi mkono ukajaa kiooni, nikampa huku nikieleza: hapa imepunguzwa, hapa anainua, sasa tazama vidole. Aliipokea kwa mikono yake yenye mafuta. Kidole gumba kikateleza, picha ikarudi ndogo, uwanja mzima ukatokea.

"Umeiharibu, mathe. Lete niivute tena."

"Ngoja kwanza."

Aliisogeza karibu na macho. Video ilifika mwisho ikajianza upya. Nilitazama kutoka upande, na kwa mara ya kwanza sikutazama mkono. Sijui kwa nini sikuwahi.

"Huyu ni nani hapa?" akauliza.

"Kipa wao."

"Na yeye alikula?"

Nyuma ya pazia kitanda kililia, Fundi alikuwa ameketi.

"Na hizi nguzo za goli, nani alizipa chai?" Aliuliza bila kejeli, kama mtu anayetaka kujua. Kisha akanirudishia simu, imepakwa unga kote, akanitazama usoni.

"Mwanangu, hapa kila kitu kinatetemeka. Nguzo, kipa, watu, hata nyumba za watu huko nyuma. Mkono wa mzee haukuwa na kitu. Ni wewe uliyekuwa ukiitingisha simu."